Jumamosi za Kusoma, Mountain View

Jumamosi, 9 Mei 2026

Watoto wamekuja sita. Januari walikuwa kumi na tisa. Nilikuwa nimepanga viti kumi na viwili. Nikasikia sauti zao nje, nikarudisha sita ukutani haraka haraka, visionekane vinangoja watu.

Simu kwenye kikapu. Dakika arobaini za kimya, halafu maswali. Ndio utaratibu. Dakika ya kumi na mbili Fidel akainua mkono — Anti Virginia, hii kitabu iko na page ngapi? Nikamwambia aangalie mwisho. Akaangalia mwisho. Akausoma huo mwisho! Akafunga kitabu, akasema amemaliza.

Maswali alijibu Ivyne peke yake. Ni mtoto wa Mercyline, mwenzangu wa kanisani anayeishi hapo Kangemi, yuko Grade Ten, darasa moja na binti yangu Ciru. Kila wiki ni yeye. Nikiuliza kwa nini wale mapacha wa kitabuni walitoroka kiwanda cha sukari, wengine wanaangalia dari, Ivyne anaeleza kama mtu aliyekuwepo. Kwa sababu ya mtoto mmoja kama huyu ndio bado nabeba mifuko ya vitabu kupanda hizi ngazi za kanisa.

Tukifunga, Becky akaniuliza — na wewe Anti, unasoma nini siku hizi? Nikasema riwaya moja nzuri sana. Uongo! Tena kwenye chumba cha Sunday School. Kitabu cha mwisho kumaliza hata sikumbuki ni mwaka gani. Ofisini kutwa nasoma fomu za bima: nani aligonga nani, bampa ilivunjika upande gani. Nikifika nyumbani macho yanakataa herufi.

Ciru hakuja. Hajawahi kuja hata siku moja. Mtu anaanzisha klabu ya kusoma kwa ajili ya mtoto wake, na mtoto wake ndiye haji. Nilimwacha kwenye kochi na simu. Nimemkuta kwenye kochi na simu.

Jumanne, 12 Mei

Saa ya chakula nilipita kwa Kitonga. Anatandaza vitabu vya mitumba kando ya njia, nyuma ya ofisi yetu pale town, yeye mwenyewe amekalia kreti ya soda. Nikamwambia watoto wananiishia.

Akauliza: "Wakimaliza kusoma, huwa unawafanyia nini?"

Nikasema nawauliza maswali. Wahusika, maudhui, funzo.

"Madam, hayo si ndio shule inawauliza Jumatatu mpaka Ijumaa? Na wewe unawaongezea Jumamosi."

Nilikasirika. Mtu wa kuuza vitabu kando ya barabara anifundishe mimi! Nikaondoka bila kununua. Saa kumi na moja nikitoka kazini nikapita tena, nikachukua viwili. Alinifungia tu na gazeti.

Alhamisi, 14 Mei

Asubuhi, jikoni, nilimwuliza Ciru. Polepole, bila kelele. Kwa nini hasomi siku hizi? Akiwa na miaka tisa alikuwa anasoma akitembea. Aligonga mlingoti wa stima hapo stage, akakaa na nundu wiki nzima, na kitabu hakukiachilia.

Hakuinua kichwa. "Mum, ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Ulikuwa unaniambia niandike muhtasari. Kila kitabu, page nzima. Halafu unasahihisha na biro nyekundu."

Akavaa begi akaenda shule. Chai ameiacha nusu.

Nilichelewa kazini leo. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati natafuta lile daftari. Lipo. Muhtasari thelathini na moja. Wa kwanza umejaa mpaka pembeni, na picha ya punda amechora. Wa mwisho una mistari mitatu. Chini yake kuna mwandiko wangu: *Fupi mno. Rudia.*

Hakurudia.

Jumamosi, 16 Mei

Leo nimefuta maswali. Nimewaambia tunasoma tu, basi. Wakaniangalia kama nimeugua.

Fidel: "Sasa Anti, tutajuaje kama tumesoma?"

Nikamwambia afungue kitabu.

Nimeondoa na kikapu cha simu. Fidel amesema kwao anasoma vizuri akiwa na muziki masikioni. Sawa. Nimechoka kukataa vitu.

Wamekuja saba. Becky amecheka peke yake akisoma, mara mbili. Hiyo ndiyo habari njema ya leo.

Lakini Ivyne hakuwa sawa. Bila maswali alikaa kama mtu aliyefika kazini akaambiwa kazi imeisha. Na kuna kitu nimekiona. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Dakika ishirini alikuwa ukurasa wa kumi na nne. Haendi mbele, harudi nyuma. Halafu nikakohoa, akafungua kurasa mbili kwa mpigo.

Labda amechoka. Sote tumechoka.

Jumamosi, 23 Mei (saa saba mchana, bado niko kanisani)

Niandike hii kabla sijaenda nyumbani, maana nikifika sijui nitaongea nini.

Walikuwa saba. Kimya kizuri. Ivyne kwenye benchi la mwisho, kitabu mapajani, earphone masikioni, zile za waya. Becky akainuka kwenda choo. Mguu ukanasa kwenye waya. Earphone ikachomoka kwenye simu.

Na sauti ikajaa chumba kizima.

Sauti ya Ciru! Ciru wangu, anasoma sura ya nne. Anasoma mapacha kila mmoja na sauti yake. Mnyapara wa kiwanda amempa sauti nzito ya kukwaruza. Akakosea mahali, akacheka, akasema — ngoja, nimeruka mstari — akarudi nyuma, akaendelea.

Fidel akaruka: "Si huyo ni Ciru!"

Wakacheka. Sio kwa ubaya, nataka kuamini hivyo. Ivyne alikuwa anabonyeza simu, sauti haizimiki. Halafu Becky, bado amesimama pale na waya mguuni, akauliza, taratibu kabisa — kwani haujui kusoma?

Kicheko kikaisha. Ivyne akachukua begi lake akatoka. Hakukimbia. Alitembea, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Na mimi? Mungu anisamehe. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Mtoto wa mwenzangu anatoka na aibu yake, mimi nimesimama pale nafurahi kwamba wangu anasoma. Kwamba anasoma vile.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Ciru ameniambia yote. Alikuwa amekwisha kuongea na Ivyne kwa simu, macho mekundu.

Mwaka wa korona Ivyne alikuwa Grade Four. Shule zikafungwa, kazi ya mamake ikakatika, akapelekwa kwa nyanya yake Butere. Miaka miwili. Shule huko alienda leo, kesho hakuenda. Aliporudi Nairobi wenzake walikuwa mbele na hakuna aliyesimama kumngoja. Herufi anazijua. Anaunganisha silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la pili. Lakini akisikia kitu mara moja tu, hakitoki. Basi akajifunza kusikia. Darasani anasikia. Kwenye klabu anasikia.

Tangu Grade Eight, Ciru ndiye anamsomea. Anarekodi chumbani, anamtumia. Historia, sayansi, vitabu vya klabu yangu.

"Vyote?"

"Vyote, Mum."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniangalia muda mrefu.

Akasema: "Usimwambie mamake. Please. Promise."

Nikasema sawa.

Jumapili, 24 Mei

Nimemwambia.

Sikupanga. Baada ya ibada Mercyline alinishika mkono pale nje, amevaa lile gauni lake la kijani, anang'aa. "Mama Ciru, Mungu akubariki sana." Kwamba tangu mtoto aanze kuja kwangu Jumamosi amebadilika. Kwamba hata huko Spring Valley anakofanya usafi amemsimulia mwajiri wake vile Ivyne anamaliza vitabu, na yule mama amempa katoni nzima ya vitabu vya watoto wake waliokua. "Ivyne amevibeba mgongoni mwenyewe, Mama Ciru, kutoka barabarani mpaka nyumbani. Hakukubali nimsaidie."

Katoni nzima. Nikaona yule mtoto amekaa mbele ya katoni nzima ya vitabu. Sikuweza kunyamaza. Nilidhani nasaidia — nilidhani mimi na yeye, watu wazima, tutapanga kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema klabu. Akauliza, "Wote?" Nikasema wote.

Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja mara nne, kidogo kidogo. "Mimi ndio nilimwacha huko miaka miwili," akasema. "Nilikuwa naambiwa kwa simu anasoma vizuri."

Akaondoka bila kuniaga. Simlaumu.

Jumatatu, 25 Mei

Ciru ameshajua. Amesema neno moja tu: "Uliahidi."

Jumatano, 27 Mei

Haongei na mimi. Ameosha vyombo vyote, amekunja nguo, amepika ugali na sukuma wiki akanifunikia. Afadhali angepiga kelele.

Ofisini nimesoma fomu moja mara tatu bila kuelewa nani aligonga nani.

Jumamosi, 30 Mei

Watatu. Fidel, Becky na kijana wa yule anayetunza kanisa, Shem, ambaye nadhani alikuja kwa sababu ya mvua.

Niliangalia vile viti na nikataka kurudi nyumbani nilale. Kweli kabisa. Nikatafuta maneno ya kufunga klabu. Hayakuja. Basi nikafungua kile cha mapacha, nikaanza kusoma kwa sauti. Sijui kwa nini. Labda ili nisiongee.

Sina sauti ya Ciru. Yangu imekauka, nilipotea mistari, mnyapara wangu alifanana na mapacha. Lakini Becky aliacha kuchezea kucha. Shem akalala kwenye benchi, miguu juu. Nikasimama ninywe maji, Fidel akasema, "Endelea, Anti."

Kurasa arobaini! Nimesoma kurasa arobaini kwa kikao kimoja. Nimeshuka zile ngazi nikijiuliza hao mapacha wataingiaje kwa ile nyumba ya mjomba wao. Mimi. Naulizia kitabu!

Fidel alibaki nyuma kurudisha viti. Akasema, nimwambie Ivyne hawakuwa wanamcheka yeye, walicheka tu. Nikamwambia amwambie mwenyewe.

"Nimemtumia meseji, Anti. Ndefu sana. Nimeandika kila kitu."

Tukaangaliana. Akajishika kichwa na mikono miwili. "Ai, manze."

Jumatatu, 1 Juni (sikukuu ya Madaraka, sikuenda kazi)

Nilitaka kwenda kwa Mercyline kumwomba msamaha. Nilivaa viatu. Nikaambiwa na jirani yake kwa simu kwamba ameenda kazini, mwajiri ana wageni. Nikavua viatu.

Nilianza kumwandikia barua. Nikaichana. Barua, kwa nyumba ile, wiki hii! Akili yangu imechoka kweli.

Alhamisi, 4 Juni

Ciru ameongea.

Alikaa mezani, mbele yangu, kama watu wa ofisi wakija kukupa habari mbaya. Mercyline ameamua muhula ukiisha amtoe Ivyne shule. Kuna dada mmoja wa kanisani ana vyerehani Kangemi, atamchukua ajifunze kushona. Sio adhabu, Ciru anasema. Mamake amemwambia kwa upole kabisa: mwanangu, mimi nimechoka kukuona ukijificha, huko cherehani hakuna mtu atakupa kitabu. Ivyne alilia. Halafu akamwambia mamake — nipe siku moja nikusomee. Ukisikia nimeshindwa, nitaenda kushona na sitalalamika.

Siku yenyewe ni Jumamosi hii.

Nikauliza wamefanya mazoezi lini. Kila siku baada ya shule, nyuma ya maabara, siku kumi sasa. Ndio maana Ciru amekuwa akichelewa kurudi, na mimi nilidhani ananikwepa. (Ananikwepa pia.)

"Basi amekariri hizo kurasa," nikasema. Nilikuwa nataka kusikia ndio. Mungu wangu, nilitaka adanganye tena, mara moja tu, abaki shule.

"Hapana. Mamake ndio atachagua page."

"Ciru, siku kumi haziwezi —"

"Najua, Mum."

Halafu akasema Ivyne anataka mimi niwepo. Sikuelewa. Mimi, niliyetoboa siri yake! Ciru naye anasema haelewi, lakini ndivyo alivyosema: Anti Virginia awepo. Lakini kuna masharti, na masharti ni ya Ciru mwenyewe. Nisiongee. Nisimsaidie. Nisimsahihishe, hata kidogo, hata na uso.

"Hata na uso?"

"Hasa na uso."

Ijumaa, 5 Juni

Nilimsimulia Kitonga. Alisikiliza akipanguza vitabu vumbi na soksi kuukuu. Nilitaka ushauri. Akasema, "Hapo Madam sijui." Akanipa kiti chake, ile kreti, nikakaa kidogo. Watu wanapita. Tukawaangalia.

Klabu ya kesho nimempa Becky funguo. Yeye na Fidel watasoma kwa zamu, kwa sauti, kuanzia pale nilipoachia. Nimewaambia kama hakuna mtu atakuja, wafunge waende. Fidel amesema, "Si sisi tuko?"

Jumamosi, 6 Juni

Kwa Mercyline, Kangemi. Saa nne na dakika kumi.

Naandika nikiwa hapa hapa. Ciru ndiye ameingiza mkono kwenye mkoba wangu akatoa hili daftari — kumbe anajua nalibeba! — akanipa na kalamu. "Andika mambo yako, Mum. Usituangalie."

Niko kwenye stuli karibu na mlango. Ivyne kwenye kitanda, mamake upande wa kushoto, Ciru sakafuni. Ile katoni iko chini ya meza, imefungwa bado na kamba yake. Mercyline amevaa tayari kwenda kazini. Alinisalimia vizuri, akanipa chai. Nilianza kusema pole. Akasema, "Baadaye, Mama Ciru." Sio kwa hasira. Kama mtu anayekuambia subiri kwanza, kuna mgonjwa.

Ni kile kitabu cha mapacha. Mercyline amekifungua bila kuangalia, mbali huko karibu na mwisho, ukurasa wa mia moja na themanini. Ciru hakuwahi kumrekodia mpaka huko. Hata mimi sijafika. Nimeona Ciru akifumba macho.

Ivyne ameweka kidole.

*Wa-li-po. Wa-li-po-fi-ka.* Halafu tena, yote, haraka kidogo: *Walipofika.* Anapumua. *Nyu. Nyum-ba-ni.*

Mstari mmoja umechukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Chai yangu sijaigusa.

Mstari wa pili. Amesema *mjomba* moja kwa moja! Bila kukata! Ciru ameuma kidole gumba.

Simu ya Mercyline imelia. Jina la mwajiri, nimeliona. Ameangalia saa ukutani, ameangalia simu, ameigeuza kifudifudi kitandani. Imelia mpaka ikanyamaza. Imeanza tena.

Mstari wa tatu. Ameruka neno, ameliona mwenyewe, amerudi. Jasho juu ya mdomo. Mercyline haangalii kitabu kabisa. Anaangalia mdomo wa mtoto, na wake unaenda pamoja nao, bila sauti.

Wa nne. Amekwama.

Kutoka hapa nilipo page inaonekana. Neno ni *wakanung'unika*. Limekaa pale katikati ya mstari kama jiwe kubwa barabarani. Nani aliandika neno hili hapa!

*Wa-ka-nu.*

Amesimama. Kidole hakiendi. Ameinua macho, na hakumwangalia mamake, wala Ciru. Ameniangalia mimi.

Nalijua neno. Liko hapa kwenye ulimi. Nimeinamisha uso kwenye daftari, naandika chochote, naandika haya ili asinione usoni.

*Wa-ka-nu.*

Simu inalia.

*Wa-ka-nu-ng—*

Sisemi kitu. Ameanza tena mwenyewe, tangu mwanzo wa mstari.